Gari la Mikate

Muhenna ametandika ramani juu ya meza ya jikoni,
kona moja kaigandamiza kwa chupa ya siki,
nyingine kwa miwani yake,
na kidole kinapanda: Mabela, Fanja, Izki,
kinasita Birkat al-Mawz.

"Hapa polisi watatuuliza magurudumu."
Yetu yanavuta mawili tu.
Lilikuwa gari la mikate la Mmalabari mmoja wa Ruwi.
Tumeling'oa rafu, tumelitia godoro, mtungi wa gesi,
tangi la lita sitini,
pazia nililolikata kwenye kanga iliyopoteza pacha wake.
Jua likilipiga bado linanuka hamira.

Basi Jabal Akhdar tutaitazama kutoka chini,
kama deni la mtu mwingine.
Tutakatia Al Hamra, tupande Jabal Shams
mpaka pale lami itakapotukinai.

Mwisho wa Novemba. Huko juu, anasema,
maji ya kutawadha yana meno.
Nimeandika: mablanketi manne, soksi, tangawizi.
Yeye ameandika: breki.
Halafu breki tena, akaipigia mstari.

"Kupanda si hoja. Litalia, litafika.
Mteremko ndio wenye maneno.
Gia ya pili. Usiulaze mguu.
Ukisikia harufu ya kuungua, simama kando,
kunywa chai, magurudumu yapoe."

Mbona ananifundisha mimi?
Miaka thelathini na moja yeye kashika usukani,
mimi nimeshika chupa ya chai.

Nikainyanyua miwani.
Ramani ikajikunja yenyewe hadi Nizwa,
na chini yake karatasi ya daktari wa macho,
imekunjwa mara nne, udogo wa hirizi:
leseni mwisho mwezi wa kwanza.

Sote tukaitazama siki.

"Milima bado naiona," akasema.
"Vikubwa vyote naviona.
Vinavyonikimbia ni vibao."

Sikujibu. Chini ya tangawizi
nikaandika: gia ya pili.

Tangu Jumapili, kila baada ya alfajiri,
nazunguka uwanja mtupu nyuma ya ghala la matofali.
Kuna kichuguu kimoja cha kifusi, kimo cha mtu.
Nakipanda, gari linalia.
Nakishuka polepole,
naye pembeni kaikumbatia chupa ya chai,
kimya,
kama aliyepakatishwa yai.