Nguo Nisizofua

Mimi dobi wa Chang'ombe, mwaka wa thelathini na mbili huu.
Nafua mashuka ya gesti, kanzu za Ijumaa,
gauni la harusi lenye mchuzi ambao hakuna aliyeukiri.
Doa nalijua kwa pua kabla ya jicho.
Ila chumba cha uani, nyuma ya simtanki,
kilikuwa na nguo saba ambazo sabuni yangu haikuzifikia.

Ya kwanza niliikuta Bahi, mpunga ukianza kuinamisha shingo:
koti la fundi wa jeshi la anga, la vita vile vya Kagera,
limevikwa vijiti viwili katikati ya jaruba.
Koti lililotengeneza ndege, sasa linafukuza ndege.
Mwenye shamba, Chiloleti, akauliza mara mbili:
"Unataka koti, au na vijiti?"
Nikampa mashati mawili na pasi ya mkaa.
Mashati akavivika vijiti siku ileile.
Kwelea kwelea, nasikia, hawakuona tofauti.

Kofia ilikuwa Kondoa, Bi Mwasiti anapimia uwele.
Kofia kumi na tatu, debe moja, haipungui wala haimwagi.
Hakuniuzia mpaka nimletee chombo cha ujazo uleule;
siku mbili nikazunguka sokoni najaribu bakuli kichwani,
watu wananipisha njia.

Na ovaroli ya rubani.
"Vita havikumuua," alisema mkewe, Mbeleje, kule Mpwapwa.
"Alikufa kwa figo, mwaka tisini na moja, kavaa msuli."
Kifungo cha tatu kilikatikia angani, hajui anga gani;
akashona cha kwake, cheupe, cha blauzi ya shule,
matundu manne kati ya wenzake wa matundu mawili.
Kwenye mkono wa kulia doa la mafuta,
limetulia kama ziwa kwenye ramani.
Ningeweza kulitoa. Magadi, ndimu, jua la saa saba.
Kwa hiyo kila nikiingia mle
nilifunga mikono nyuma.

Katika kila mfuko, majani ya mwarobaini, nondo wasisogee.
Sikuzivaa hata moja, hata gizani.
Mtu akiuliza za nini, nilisema:
wapo wanaofuga njiwa.

Kisha gari la matangazo likapita, spika inakwaruza:
raia mwenye sare za jeshi azisalimishe, siku saba.
Mke wangu Semeni hakuinua hata uso kwenye mlenda.
"Afadhali. Mtoto wa dada yako anakuja Chuo Kikuu,
ulitaka alale wapi?"

Nikazifunga kwa shuka la gesti, nikapakia baiskeli.
Upepo wa Julai, ule unaotafuta mfupa,
ulijaza mkono mmoja uliochomoza nje ya furushi
ukawa unapunga watu njia nzima.

Mezani kijana wa rika la kitinda mimba wangu.
"Za mitumba?"
"Za watu."
Akahesabu. Akaandika: *Sare chakavu, saba.*
Nikamwomba aongeze kifungo cheupe.
"Mzee, fomu haina mstari wa kifungo."
Lakini kabla ya kupiga muhuri alikishika,
akakizungusha kidogo
kama mtu anayetafuta stesheni ya redio.

Risiti ipo msumarini, pale ilipokaa kofia.
Mpwa wangu anasoma takwimu.
Anasema chumba kinanuka uchungu, na kupiga chafya.

Juzi shati la mteja limekuja
na kifungo kimoja kisicho cha ukoo wake.
Nililifua kama nifuavyo yote. Nikalianika. Nikawasha pasi,
na nilipokifikia nikakizunguka,
ncha ya pasi taratibu, taratibu,
mteja kasimama mlangoni, anatazama saa.