Pia ya Goti

Goti langu la kulia halina ugomvi na kupanda.
Ugomvi wake ni kushuka.
Mtundu mrefu, kamba kiunoni,
mzinga wa gome begani, kienge kinafuka moshi:
napanda kama kijana.
Kisha mguu unatafuta chini, goti linakunja,
na hapo, chini ya pia, mahali pa upana wa kidole,
pananguruma kama nyuki waliosikia shoka.

Pia. Nani alikiita kifupa hiki pia?
Tulizichonga kwa mninga, utotoni, Ipole,
tukazichapa kwa kamba ya katani
mpaka zikalala zimesimama.
Hii yangu hailali. Inasaga.

Miezi kumi na minne nilipaka.
Mafuta ya kondoo, majivu ya mizizi,
ile chupa ya kijani ya gulioni.
Nikamkamata hata nyuki aniume palepale,
maana dawa ya moto ni moto;
goti likavimba kama boga,
Nyanzobe akacheka mpaka akakaa chini,
halafu akaacha kucheka,
akahesabu fedha ya ndoo tatu.
"Nenda Tabora mjini. Usikubali kisu."

Daktari Ruhaga hakutoa kisu.
Alitembeza kitu cha baridi juu ya goti,
na kwenye kioo kano likatokea:
kamba ya mrina, iliyochakaa mahali pamoja,
nyuzi zimefumuka.
"Haijakatika," alisema. "Imechoka kujishona."

Akanitoa damu mkononi, akaitia kwenye mashine,
mashine ikaanza kuzunguka, na mimi nikacheka peke yangu,
kwa kuwa naijua. Ushirika wetu unayo ya namna hiyo:
unatia masega, unazungusha,
nta inabaki huku, asali inakwenda kule.
Baada ya robo saa alinionyesha kichupa.
Chini wekundu mzito. Juu, naapa,
rangi ya asali ya Juni.
"Ni yako mwenyewe," alisema. "Tunairudisha panapouma."

"Itaponya?"
Akaangalia karatasi zake kidogo.
"Wengine hupona. Wengine hapana. Wataalamu bado wanabishana."
Nikampenda kwa neno hilo.
Anayekuahidi ndoo kabla hajafungua mzinga
si mrina huyo, ni mchuuzi.

Sindano? Nimeumwa na nyuki maisha yangu yote.
Huyu alikuwa mmoja tu, anayejua njia,
akaingia taratibu, akakaa, nikaona nyota mchana.

Nikadhani tumemaliza. Ndipo akaja Kalekwa wa mazoezi,
binti mwembamba mwenye sauti ya bwana shamba,
na kibao kilichoinamia mbele.
"Mwangaluka, baba. Panda hapa. Mguu mmoja.
Sasa shuka. Polepole. Hesabu nne.
Hapana, hiyo ni kuanguka. Shuka."
Nikamwambia kushuka ndiko kulikonileta.
"Najua," alisema. "Sindano imeita mafundi tu.
Kazi ya kuwapa ni yako."

Nyumbani nilipasua mzinga mkuukuu, nikachonga kibao.
Asubuhi mara kumi na tano, jioni vilevile,
Nyanzobe akinihesabia huku anachuja nta.
Wiki ya tatu maumivu yalizidi.
Nilikibeba kile kibao hadi jikoni nikitie motoni;
akaninyang'anya, akakalia.
Wiki ya saba sikumbuki lolote,
na labda hiyo ndiyo habari yenyewe.

Leo nimepanda mti mfupi, myombo wa karibu na kisima.
Nimefungua mzinga mmoja.
Bado kuna mngurumo mle ndani ya goti, sitadanganya,
lakini ni kundi dogo, na liko mbali.
Naanza kushuka. Chini, Nyanzobe ameshika ndoo.
Moja, anasema.
Mbili.
Tatu.
Kisha kimya, nami nimening'inia, mguu hewani.
"Nne," namkumbusha.
Hakuwa amesahau. Alikuwa anatazama.