Maagizo kwa Bukuru Kabla ya Treni

Bukuru, kopo la chakula kikavu liko juu ya kabati.
Liache hukohuko.
Ni la siku ya mvua kubwa, siku usiyoweza kutoka,
na hata siku hiyo nyunyiza kidogo, kama chumvi
kwenye mboga ya mtu mwenye presha.

Wamezoea vilivyo hai.
Asubuhi nenda uani, kwenye sufuria iliyokatika sikio,
funua kile kipande cha chandarua polepole.
Vile vinavyojikunja kama alama za mkato
kwenye barua ya mtu mwenye haraka
ni viluwiluwi vya mbu. Chota kwa chujio la chai,
lile la zamani, siyo la mama yako.
Usiache wiki ipite. Wiki ikipita vina mabawa,
na Bi Asumini ataniletea bwana afya tena,
atasimama kwenye uzio aseme kwa sauti ya mnadani
kwamba mimi nafuga malaria.
Mwambie nafuga samaki. Mwambie kila kimoja kinacholiwa humu
ni kimoja ambacho hakitamng'ata yeye.

Ijumaa chukua baiskeli mpaka kwenye mpunga wa Luiche.
Tafuta maji yaliyotulia, rangi ya chai iliyopoa.
Ukiona vumbi linarukaruka ndani ya maji, hilo siyo vumbi,
ni viroboto wa maji. Pitisha soksi ya nailoni.
Usiwajaze ndoo, watakufa kwa kukosa hewa
kabla hujaivuka Ujiji.

Minyoo ya mtaroni usiiguse. Najua ni mingi, najua ni bure.
Ile ya chini ya migomba ioshe maji matatu, ikatekate,
wape wenye midomo mipana tu:
Mzee Nundu na wake zake.

Sasa nisikilize. Ukisahau mengine yote, hili usisahau.
Wale weusi wenye mkanda wa njano hawali minyoo.
Walitoka kwenye miamba ya Katonga, wamekua wakilamba jiwe.
Mimi nilidhani kupenda ni kushibisha.
Mwaka juzi niliwapa minyoo siku tatu mfululizo
kwa sababu waliikimbilia,
kwa sababu nilifurahi kutazama.
Siku ya nne mmoja akajitenga pembeni, tumbo kama gololi,
kinyesi cheupe kama uzi.
Walikuwa kumi na mmoja. Wahesabu waliomo leo.

Chakula chao ni yale mawe sita kwenye beseni juani.
Likishika ukijani, lizamishe, utoe lililokwanguliwa.
Ukikaza sikio kwenye kioo utasikia
kr, kr, kr,
kama mtu anayekwangua ukoko.

Afya yao iko kwenye rangi, usitafute kwingine.
Nilipowatoa kwenye kibanda cha yule muuzaji,
walikokuwa wakila kopo moja mwaka mzima,
walifanana na gazeti la juzi.
Bluu ilirudi baada ya miezi miwili,
kwanza kwenye ncha ya pezi,
kama jina unalolikumbuka herufi moja moja.

Jana umeniuliza, sahani mkononi:
"Mjomba, mbona hawa wana ratiba,
na sisi ugali na dagaa, ugali na dagaa,
Jumapili kisamvu?"
Nilicheka. Usiku sikulala.
Kesho kutwa daktari wa Tabora ataniuliza ninakula nini,
na mimi, ninayejua mlo wa kila kiumbe ndani ya kioo hiki,
nitaanza kutazama viatu vyangu.

Chini ya kopo la chakula kikavu kuna elfu kumi na nane.
Siyo ya samaki.
Nunua mayai, nunua papai, nunua njugu mawe,
nunua chochote ambacho hukula jana.

Hiyo honi ni yetu, wanaita.
Taa ya kioo izime saa mbili.
Na ile sufuria, Bukuru, ile sufuria ya uani:
ifunike.