Kuhesabu Hadi Mombo

Naketi kwenye kigoda, mgongo ukutani,
kibanio cha nguo puani
(kile cha hospitali mjukuu alikitupa chooni)
na mdomoni kidude cha plastiki, bluu,
chenye springi mbishi.
Mtu akichungulia dirishani ataona
bibi kizee ananyonya filimbi isiyolia.

Navuta.
Barabara ya Kwanza.
Naachia polepole, nisiimwage.
Barabara ya Pili.

Nani akae ahesabu moja, mbili, kama mtoto wa chekechea?
Nimeishi Ngamiani miaka thelathini na minane.
Barabara zetu zilipewa namba,
basi pumzi zangu nazitembeza humo:
ya Tano, kwa fundi baiskeli,
ya Nane, kwa mkunga aliyenizalisha Saumu,
ya Kumi na Mbili, hapo nachoka.
Siku zote nachokea hapo,
panapouzwa mkaa.

Mkonge ulinila. Sawa, nami niliula.
Miaka kumi na tisa chumba cha brashi,
vumbi jeupe kama unga wa sikukuu
likitukalia kopeni;
tukitoka jioni watoto wetu wakituita mizuka.
Tulifunga kanga puani. Kanga ni nguo, si ukuta.
Kisha narudi nyumbani, napuliza kuni.
Ukiniuliza kipi kilichonimaliza, mkonge au jiko,
nitakwambia vilishirikiana,
kama mwizi na mlinzi.

Pale Bombo, Mwanakombo, binti wa mazoezi, hakunidanganya.
"Mama, mapafu yaliyochakaa hayashonwi.
Lakini chini ya mbavu pana kiwambo,
na kiwambo ni msuli, na msuli hufundishika."
Nikamwambia kiwambo nakijua, ni ngozi ya ngoma;
ikilegea twaisogeza motoni.
"Basi moto wako huu hapa," akasema,
akanipa kidude.

Wiki ya kwanza ilikuwa kunyonya ugali kwa mrija.
Niliona nyota. Nilimwona hata marehemu Shehoza,
mume wangu, kasimama na sigara yake, ananiambia niache.
Sikuacha. Kuhusu pumzi
hajawahi kunishauri jambo la maana.

Wiki ya tano Mwanakombo akakaza skrubu nusu duara.
Nikamlaani kwa Kisambaa, nikidhani haelewi.
Kumbe mama yake ni wa Bumbuli.

Ya Ishirini.
Ya Ishirini na Moja.
Mji umeisha, nami nadaiwa tisa.
Hapo napanda treni, ile ya zamani,
ya viti vya mbao:
Pongwe.
Ngomeni.
Muheza, machungwa.
Mnyuzi.
Maurui, jasho la shingo.
Korogwe, wanashuka wengi, kifua kinapata nafasi.
Ngombezi.
Makuyuni.
Mombo.

Mombo ndipo njia ya kwetu inapoachana na reli, ikapanda.
Miaka sita sijaipanda.
Walimzika mama bila mimi,
nimelala na mpira wa hewa puani.
Dada yangu Mwantumu hupiga simu: "Lini?"
Zamani nilimjibu neno moja,
nikapumzika,
ndipo la pili.
Jana nilimsimulia habari ya kuku, na ya mwizi wa kuku, na ya kesi ya mwizi wa kuku
bila kumeza hewa katikati,
hata akapiga kelele, "Weye, salio langu!"

Sisemi nimepona. Nikifua shuka moja
bado nakaa chini kwa shuka hiyo moja.
Na mlima haujapunguza hata kona.

Nasuuza kidude, nakianika juu ya kabati,
kibanio nakirudisha kambani, kwenye gauni la Saumu.
Jioni tena.
Ya Kwanza.