Fumoni, Herufi Sita

Karani wa ardhi, Mutisya, alifika Pate kwa boti ya saa nne,
suruali imelowa hadi magotini,
akafungua daftari juu ya ukuta usio na nyumba:
"Shamba hili laitwaje?"

Fumoni, nikasema.
Akaandika Simoni.
Hapana, hapa hajapata kukaa Simoni yeyote.
Akafuta hadi karatasi ikatoboka.
"Na maana yake?"

Hapo ndipo tulipokosana.

Ami Bwanamaka, mkono kiunoni: fumo ni mkuki.
Hapa walipigana watu wa mji na watu wa ng'ambo,
zama ambazo babu wa babu yake hakuwa hata jina,
mafumo yakasimama ardhini kama mabua ya mtama,
siku tatu, kwa ajili ya kisima
ambacho leo ni chumvi tupu, punda hakinusi.

Mwalimu Shekuwe akachekea puani: Fumo ni mfalme.
Aliyeanguka hapa alikuwa na siwa na mwavuli,
na jina lake lililiwa na mchwa pamoja na kitabu.
"Mfalme yupi?"
"Si nimesema lililiwa?"

Mimi nalima tumbaku hapa tangu talaka yangu.
Nalijua jiwe livunjalo jembe.
Mfupa sijauona. Mkuki sijauona.
Nimeokota vigae vya bakuli, buluu ya mbali,
na kiduara cha udongo chenye tundu katikati,
kimoja, kisha kumi na saba,
na mwanangu Bwanaheri akachukua vinne
vikawa magurudumu ya gari la kopo la samli.

Vilivyosalia nikavifungua kwenye pindo la leso.
Ni vya kusokotea uzi, nikamwambia karani.
Kufuma nako ni neno.

Ami akatema mate. "Vita na uzi, wapi na wapi?"

Sikumjibu. Nilikuwa namsikia bibi yangu
akichambua mchele. Hakuwa akinifunza kitu,
alikuwa akitafuta mawe tu:

    Wangwana walipofika
    na mafumo wameshika,
    sanda zishiye fumika
    na wake wa mitaani.

Au ni "wa majumbani." Mama hushikilia majumbani.

Basi walijua.
Kabla baragumu halijalia,
kuna aliyeketi hapa na pamba mapajani
akampima mumewe kwa jicho akipita mlangoni,
dhiraa ngapi, na za upana ngapi,
na mume akauliza chakula kiko wapi.

Sikuyasema haya kwa karani.
Maji yalikuwa yakipwa, na nafasi ya maana
katika daftari lake ni mstari mmoja.
Aliandika: *Fumoni. Tumbaku.*

Akiondoka aliliruka gari la Bwanaheri, hakulikanyaga.
Lakini gurudumu moja lilikuwa limeshachomoka,
nikapiga magoti kulitafuta,
na mchanga wa pale, jua la saa saba,
huwezi kuuacha mkono ukakaa.