Kamba za Viatu

Saa kumi na moja kasoro, Newala haijakohoa bado.
Somoe hagongi mlango. Anarusha kijiwe batini,
kimoja tu, kinaporomoka kwa makelele ya mlevi.
Mume wangu anageukia ukuta: "Mwenzio huyo."
Natoka. Julai ya huku juu ina meno.

Ametangulia, kama kawaida.
Mimi na mgongo wake tunajuana mwaka wa pili sasa,
tangu daktari aliponipima presha, akaipima tena,
akaniuliza kama nina rafiki wa kutembea naye.
Ninaye wa kukimbia, nikasema.
Akaandika hivyo hivyo, kwa mwandiko wa dawa.

Tunakata katikati ya mikorosho.
Jana walipuliza salfa; kila tawi linalotugusa
linaacha unga wake wa manjano begani,
kana kwamba miti inatuhesabu.
Mbwa wa kwa Nampota anabweka mara mbili, kwa wajibu,
kisha anarudi kulala.
Mtu wa mkaa anaegemeza baiskeli:
"Msiba uko wapi?"
"Hakuna msiba."
"Sasa mnakimbia nini?"
"Uzee," anasema Somoe, bila kugeuka,
na kicheko cha yule bwana kinatusindikiza
mpaka ardhi inapokatika.

Shimo la Mungu.
Mwenyewe amelifunika leo, kwa ukungu,
kama sufuria ambayo wageni hawajaruhusiwa kuichungulia.
Ruvuma iko huko chini kwa kuaminiwa tu.
Msumbiji pia.

Kushuka ni kazi ya vidole vya miguu.
Kokoto zinatutangulia zikisengenyana,
magoti yangu yanajibu.
Mwanga wa simu yake unaruka jiwe hadi jiwe,
nami nakanyaga alipokanyaga,
nikimwamini kuliko ninavyoiamini miguu yangu.

Nusu ya njia pana jiwe lenye bega.
Mara mia tumelipita. Leo analipapasa.
"Hapa ndipo nilipozaliwa," anasema.
"Mama alikuwa anapanda na maji.
Kwanza akaitua ndoo, polepole, isimwagike,
ndipo akanitua mimi."
Nasubiri acheke. Anakunywa funda moja,
anafunga chupa yake kwa nguvu kuliko inavyohitaji.
"Ndoo ilifika imejaa. Hilo ndilo alilosimulia maisha yake yote.
Mimi nilikuwa nyongeza."

Tunageuka, tunapanda.
Mlima hauna salamu; unadai tangu hatua ya kwanza.
Nahesabu pumzi, nne kuvuta, nne kutoa,
macho chini, kwenye mizizi,
na nikiyainua, mgongo haupo.

Ninasikia pumzi nyuma yangu.
Pumzi ya mtu anayesaga kitu kikavu.

Sijawahi kuwa mbele ya Somoe.
Si kwenye foleni ya mtungi wa gesi,
si shuleni, si kwenye kuolewa wala kwenye kufiwa.
Mbele ni mahali pa ajabu: pana upepo,
na hakuna wa kukuonyesha jiwe lililo legevu.
Ningefurahi. Nilikwisha kuota siku hii,
ndotoni nilikuwa nimenyoosha mikono.

Nainama, nashika kamba za viatu vyangu vya mnadani.
Nazifungua ili nizifunge.
Napoteza muda kwa ustadi.

Hatua zake zinafika, zinasimama.
Viatu vyake, vumbi lake, jasho
likidondoka karibu na kidole changu.
"Asumini."
"Ee."
"Hizo kamba hazikuwa zimefunguka."

Sisemi kitu. Ukungu unachanika kidogo
na kipande cha mto kinaonekana,
chembamba, kama kitu kilichodondoka mfukoni mwa mtu.

"Siku nyingine nitakapochoka," anasema,
"nenda. Mtu akifika juu, achemshe chai."
Kisha ananipita,
kwa kiwiko, kwa makusudi,
na kunisukuma kidogo kwenye majani yenye umande.
Nabaki pale nikicheka na mafundo mawili mawili
ambayo sasa hayafunguki.