Punda Hana Kifuko cha Nyongo

Damu ya Direkteri ililetwa saa nne asubuhi,
mirija mitatu ndani ya soksi ya mtoto,
na nyuma yake Kaumba mwenyewe, viatu vyeusi kwa vumbi la makala:
"Huyu punda ana kiburi. Siku ya nne leo hagusi kitu."

Umeme ulikuwa umekatika toka Kasapa mpaka Katuba.
Mashine ya kuzungusha damu imelala kama sufuria tupu.
Nikasimamisha mirija ndani ya glasi ya chai, dirishani,
nikaiachia ardhi ivute kilicho chake.

Tukangoja. Kaumba hawezi kungoja kimya.
Ini la punda liko wapi?
Nikamwonyesha juu ya koti langu: hapa, zaidi upande wa kuume,
nyuma ya kiwambo cha pumzi, limeegemea mbavu,
rangi ya zambarau iliyoiva, uzito wa mtoto mchanga.
La punda mzee hupungua huko kuume,
utumbo mpana ukilisukuma mwaka hadi mwaka
kama jirani anayesogeza ua usiku.

"Na nyongo?"
Hana kifuko. Nyongo anaitengeneza, ndiyo,
ila haiweki. Inachuruzika mchana na usiku hadi utumboni,
bomba lililokosa koki.
Mimi na wewe tuna pa kuficha uchungu,
tukautoa siku ya harusi ya shemeji.
Kaumba akacheka, mara ya kwanza.
"Bibi yangu alikuwa akisema: nyongo mkalia ini."
Ya punda haikalii. Inapita.
Teke lake ni deni la papo hapo, si kinyongo.

Saa sita damu ilikuwa imegawanyika.
Chini, wekundu mzito.
Juu, palipotakiwa kuwa na maji ya manjano, angavu,
palikuwa na maziwa.
Maziwa kabisa. Ungeweza kuyatia chai.

Nikajua kabla taa hazijarudi.
Punda akikataa chakula, mwili unavunja ghala lake:
mafuta yanatoka shingoni, yanatoka mgongoni, yanaingia damuni,
yote yakiulizia mlango wa ini,
na ini linapokea, linapokea, halijui kusema nafasi imekwisha,
mpaka linavimba na kuwa rangi ya siagi.

Jioni nikapima.
Kimeng'enya cha mifereji ya nyongo: juu.
Kile kinachomwagika chembe za ini zikipasuka: juu, mara tatu.
Albumini bado imesimama, asante.
Mwansa, mwanafunzi wetu, akakimbilia jedwali la farasi ukutani.
Nikamshika mkono.
Usimsome punda kwa kitabu cha farasi.
Farasi akilala njaa siku mbili, damu yake inageuka manjano, na ini ni zima.
Punda si hivyo. Huyu akianza umanjano,
hakuna tena muda wa kufungua kitabu.

"Siku nne zilizopita kulitokea nini?"
Kaumba akatazama viatu vyake.
Lori la shaba. Barabara ya Likasi.
Lilimgonga Sekretere, mwenzake wa mkokoteni,
miaka saba bega kwa bega.
"Nilimtoa Direkteri pale haraka. Asione."
Ningeweza kumwambia: ungemwacha amnuse, ajue.
Sikumwambia. Alikuwa ameshika ile soksi kwa mikono miwili.

Tukaanza. Glukosi mshipani,
uji wa mahindi kwa mpira wa puani, mara sita, usiku na mchana.
Kaumba alihamia zizini na blanketi na bukari yake baridi,
akamega tonge, akalinyoosha mbele ya ule mdomo wa kijivu,
akalila mwenyewe, akamega jingine.

Fomu ina mstari mmoja: chanzo cha ugonjwa.
Hapo watu huandika meno, minyoo, majani ya sumu.
Niliandika Sekretere.
Na umri wake, kwa sababu Kaumba aliutaja bila kuulizwa:
kumi na mmoja.